Muulize Ami: Mnara wa Washington mbona una rangi mbili?

Assalaam alaykum wasomaji. Toleo lililopita tulitia picha ya ule mnara wa mawe wa Marekani wa kumkumbuka George Washington, rais wao wa mwanzo, tukaandika mistari miwili chini yake na mie nkadhani yamekwisha. Wapi! Meseji zimemiminika mpaka mhariri kanambia Ami chukua kurasa zote ujibu mwenyewe. Bas nimechagua zenye maana, zile za kuuliza viza nimeziacha, mie si wakala.

SWALI: Ami nashika miguu. Mie niko Chake Chake, mwanangu anaishi Virginia karibu na huo mji wa Washington na kila mara hunitumia picha. Juzi kanitumia ya huu mnara nkaona chini rangi nyengine juu rangi nyengine, kama ukuta fundi kapaka chokaa nusu akaenda zake kula. Nimemuuliza ananambia eti zamani kulikuwa na mafuriko maji yakafika hapo. Mie sikumkubalia ila sina la kumjibu. Ni kweli hayo?
*Mama wa watoto watatu, Chake Chake*

JIBU: Marahaba mwanangu, umefanya vyema kutomkubalia. Pale rangi inapobadilika ni kiasi cha mita 46 kutoka chini, maji yakifika hapo bas mji wote umezama na Ikulu yao ndani. Ile alama ndipo ujenzi ulipokwama, na ulikwama zaidi ya miaka 20.

Iko hivi. Washington mwenyewe kafa 1799, lakini habari ya kumjengea kitu ilianza yu hai, mwaka 1783 wakubwa wao walipitisha ajengewe sanamu ya mtu kapanda farasi, ikabaki kwenye makaratasi. Miaka ikapita, wakaja raia wenyewe mwaka 1833 wakaunda chama cha kuchangisha na wakatia sharti moja ambalo mie limenipendeza sana, kwamba mtu asitoe zaidi ya dola moja kwa mwaka, tajiri dola moja maskini dola moja, ili mnara uwe wa wote asije mwenye pesa zake akasema nimeujenga mimi. Sharti zuri lakini pesa haziendi. Mpaka 1836 walikuwa na dola 28,000 hivi, na mnara wa kiasi kile hauanzwi na dola 28,000, mwisho sharti wakaliondoa wenyewe. Jiwe la msingi likawekwa tarehe 4 Julai 1848, siku yao ya uhuru.

Wakajenga wakajenga, halafu 1854 ndo ikaja balaa. Chama kilikuwa kikiomba watu na nchi walete mawe ya kumbukumbu yatiwe ukutani kwa ndani, na Baba Mtakatifu wa Roma, Pius wa 9, akaleta lake, jiwe la marumaru lililotoka kwenye hekalu la kale la Warumi. Sasa wakati ule Marekani kulikuwa na kundi la watu wanaochukia wahamiaji na Wakatoliki, walijulikana kwa jina la Know-Nothing maana mwanachama ukimuuliza habari za chama anakujibu sijui kitu. Usiku mmoja mwezi wa Machi wakaja watu wakamfungia mlinzi kwenye kibanda chake wakalibeba lile jiwe wakaenda nalo, na inavyoaminika walilivunja wakalitosa mtoni Potomac. Halafu mwaka uliofuata watu wa kundi hilo hilo wakakiteka na chama chenyewe cha kujenga mnara! Bunge lilikuwa liko tayari kutoa dola 200,000, likaona haya tena ni mambo gani, likarudisha mkono. Wachangiaji nao wakakimbia. Hao waliouteka wakaongeza mistari michache ya mawe mabovu, yale yaliyokwisha kukataliwa mwanzo, ambayo baadae ilibidi yabomolewe.

Hapo tena ukasimama, gogo limekatwa kichwa. Vikaja vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, jeshi likafanya uwanja wa pale pahala pa kufugia ng'ombe wa kitoweo na kuchinjia. Hebu mwambie mwanao hilo, kwamba hapo anapopiga picha palikuwa na ng'ombe wanangoja kisu.

Mwaka 1876 nchi yao ilipotimiza miaka 100 ndo Bunge likaona aibu, likauchukua mnara na kutoa pesa, na kazi akapewa ofisa wa uhandisi jeshini, Thomas Lincoln Casey. Huyu bwana kazi yake ya mwanzo hakupanda juu, alishuka chini. Msingi aliuona mdogo kwa mzigo unaokuja, kwahiyo akachimba chini ya mnara ambao ushasimama mita 46, kipande kwa kipande, akimwaga zege kila anapotoa udongo mpaka msingi ukawa mpana na umekwenda chini zaidi. Mie nikilifikiria jambo hili nywele zinansimama, wale vibarua walioingia chini ya mnara ule walikuwa na roho gani.

Kuanza tena kujenga juu, mawe ya machimbo ya mwanzo, yaliyokuwa Maryland, hayakupatikana. Wakaagiza marumaru ya Massachusetts, ikawa matatizo, yanachelewa na ubora haukuwaridhisha, wakaiacha wakarudi Maryland kwenye machimbo mengine. Siku ya kuwekwa yalikuwa yanafanana, lakini jiwe na jiwe halizeeki sawa, mvua na jua vikayafanyia kazi kila moja kivyake na tofauti ikatokeza. Kwahiyo rangi kwa kweli ni tatu. Mwambie mwanao aikuze picha pale kwenye mpaka, ataona mkanda mwembamba katikati, ndo yale ya Massachusetts.

SWALI: Ami mie mwanafunzi wa skuli hapa Wete. Tumebishana darasani. Mwenzangu anasema ule mnara ni wa Firauni umeibwa Misri, mwengine anasema ni wa Freemason ndo maana hauna picha ya mtu. Nani mkweli? Na kwa nini wasiweke sanamu ya Washington mwenyewe?
*Kidato cha tatu, Wete*

JIBU: Mwanangu, wa Misri hawakusema uongo mtupu wala hawakusema kweli. Umbo ndo la Misri, mraba unaokwenda ukipungua juu una ncha. Lakini ya Firauni kila mmoja ni jiwe moja zima limechongwa likasimamishwa, huu wa Washington umepangwa kwa mawe zaidi ya 36,000 na ndani ni mtupu, unaingia unapanda. Urefu wake mita 169, hakuna wa Misri unaokaribia hata nusu.

Freemason wamo, hilo sikufichi. Washington mwenyewe alikuwa mwanachama, na jiwe la msingi 1848 liliwekwa kwa taratibu zao mbele ya maelfu ya watu, si sirini. Lakini umbo la mnara halikutoka huko. Aliyeuchora anaitwa Robert Mills, na alivyouchora sivyo ulivyo! Yeye alitaka chini kuwe na jengo la duara limezungukwa na nguzo 30, na juu ya mlango Washington kasimama kwenye gari la farasi, ndani kuwe na sanamu za mashujaa wengine. Sanamu ilikuwemo basi, ila pesa hazikuwemo. Wakaanza na mnara wa katikati wakisema nguzo zitakuja mbele, Mills akafa 1855 mnara umekwama, na Casey alipokuja akazifuta nguzo zote. Kuna balozi wao alokuwa Italia, George Perkins Marsh, yeye ndo aliyechunguza minara ya Misri iliyoko Roma akaandika kwao kwamba urefu uwe mara 10 ya upana wa chini. Na ndivyo ilivyo, chini upana futi 55, urefu futi 555. Mie naona heri zilivyofutwa. Hebu fikiri ule mnara na gari la farasi juu ya mlango, ingekuwa duka la keki.

Na nyie watoto wa Pemba mnabishana habari za Misri wakati hapo hapo kwenu yapo makaburi ya nguzo. Mwambieni mwalimu awapeleke Ras Mkumbuu. Pale kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo za mawe zimesimama kichwani pa maiti. Ukisogea karibu utaona jiwe la matumbawe limechongwa, juu yake lipu ya chokaa. Kuna mengine ya aina hii pwani yote, Kaole kule Bagamoyo, Kunduchi, mpaka Mambrui upande wa Malindi, na la Mambrui lilitiwa mabakuli ya Kichina kwenye nguzo yenyewe. Wazee wetu nao mtu mkubwa akifa walikuwa wakimsimamishia jiwe, wala hawakuhitaji mita 169.

SWALI: Salamu Ami. Mie fundi wa kujenga, niko Jang'ombe. Nimesoma mlivoandika kwamba mnara ule "hauna nondo". Sasa mawe bila ya nondo urefu ule yanasimamaje? Na huko juu kabisa wametia nini maana kwenye picha kunameta.
*Fundi, Jang'ombe*

JIBU: Fundi, swali lako ndo nilokuwa nalingojea. Unasimama kwa uzito wake mwenyewe. Ukuta chini una unene wa futi 15, yaani mita nne na nusu za ukuta, chumba kizima cha kulala kinaingia kwenye unene tu, halafu unakwenda ukipungua mpaka juu unabaki inchi 18. Nje marumaru, nyuma yake mawe mengine magumu. Ndani kuna nguzo za chuma lakini hizo zimebeba ngazi na lifti, ukuta hazikuubeba.

Kinachometa ni aluminiamu. Usicheke. Leo aluminiamu ni sufuria la urojo, lakini mwaka 1884 ilikuwa taabu kuitoa na bei yake ilikuwa karibu na ya fedha. Wakamimina kijipande cha kilo 2.8 hivi, urefu chini ya sentimita 23, na kabla ya kukipandisha kilipelekwa duka la vito la Tiffany kule New York kikawekwa chini, watu wakaja kukiruka ili wapate kwenda kusema nimeruka juu ya ncha ya mnara wa Washington. Kazi yake ilikuwa kuvuta radi. Kikawekwa tarehe 6 Disemba 1884 na mnara ukawa umekwisha, jengo refu kuliko yote duniani, mpaka Wafaransa walipokuja na Eiffel 1889. Mwaka 1885 radi ikaupiga hivo hivo ikapasua jiwe moja la juu, ikabidi waongeze fito nyengine za kuipitisha radi.

Tetemeko nalo limeupata, tarehe 23 Agosti 2011, kipimo 5.8, kitovu kiko Virginia. Mawe ya juu yakapasuka, nyengine ufa unaona mwanga nje. Wahandisi wakateremka kwa kamba kwa nje wakigonga na kukagua jiwe moja moja, vidio ziko mitandaoni zitafute uone, mie kichwa kilinizunguka nikiwa nimekaa kitini. Matengenezo dola milioni 15, nusu katoa tajiri mmoja, David Rubenstein, ukafunguliwa Mei 2014. Yaani lile sharti la dola moja moja limekwenda wapi, ndo dunia.

Sasa fundi nkurudishe kwetu maana hapa nina langu la kusema. Wakati ule ule Wamarekani wanamalizia mnara wao, hapa Sayyid Barghash kamaliza Beit el Ajaib, 1883. Nalo lilikuwa la kushangaza dunia hii ya kwetu, lina umeme na lifti. Likapigwa mabomu na manuwari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, vita vya dakika 40 hivi, likabaki limesimama. Mnara wa taa uliokuwa mbele yake haukubaki. Halafu tarehe 25 Disemba 2020, hakuna bomu hakuna tetemeko, likaanguka upande mmoja wakati linafanyiwa matengenezo, na watu wakafa.

Weye fundi unajua kwa nini majumba ya Mji Mkongwe yanaanguka. Ukuta wetu ni matumbawe na chokaa, na dari ni boriti za mikoko zimeingizwa ukutani. Ukuta ule unapumua, ukirowa unakauka, bora tu paa lisivuje na lipu ya chokaa ifanywe upya kila inapochoka. Anakuja mtu anaona chokaa ni kazi, kulichoma tanuu, kuirowesha, kungoja, anatia saruji juu yake inakaa inang'ara mwaka mmoja. Maji yakiingia nyuma hayatoki tena. Yanakaa mle yanakula chokaa ya ndani na ncha za boriti zinaoza pale pale zilipoingia ukutani, kwa nje huoni kitu, siku moja sakafu inakuja chini na makabati. Ukipewa kazi nyumba ya kule tafadhali gonga lipu kwa kifundo cha kidole kwanza, ikitoa sauti ya utupu bandua uangalie, usipake juu. Marumaru ya Washington inastahamili uzembe, matumbawe hayastahamili. Na mji huu umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, si kwa ajili ya saruji.

SWALI: Ami kwema? Mmesema nchi mbalimbali zilipeleka mawe yatiwe kwenye huo mnara. Je sie Zanzibar tulipeleka? Kama hatukupeleka kwa nini na wakati tulikuwa dola kubwa?
*Mpenda historia, Malindi, Unguja*

JIBU: Kwema alhamdulillahi. Mawe yaliyomo ndani ni zaidi ya 190, mengi ya majimbo na miji na vyama vya huko huko kwao, mengine ya nje, China wamo, Japani wamo, Ugiriki, Brazil, Siam (ndo Thailand ya leo), na Sultani wa Uturuki Abdulmejid kapeleka jiwe limeandikwa mashairi kwa hati nzuri khasa. La Roma lililoibiwa wakaja kuletewa jengine mwaka 1982. La Zanzibar halimo.

Lakini usijione mnyonge, maana sie na Wamarekani tulishikana mkono zamani kuliko wengi wa hao. Mwaka ule ule wa 1833 wanaunda chama chao cha mnara, Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na mjumbe wao Edmund Roberts, huko Muscat. Mwaka 1837 konsuli wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, ashafika Unguja. Watu wa Salem walikuwa wakija kununua pembe za ndovu na gundi ya sandarusi na karafuu, wakatuletea kile kitambaa cha merikani ambacho mabibi zetu wamekivaa na bara kikawa ndo pesa.

Na sie tukaenda. Mwaka 1840 jahazi la Sayyid, Sultana, lilitoka hapa likafika New York, mkuu wa safari Ahmad bin Naaman. Wamarekani wakajaa bandarini kutazama. Limebeba pembe, karafuu, tende, kahawa, ngozi, na zawadi za rais wao wa wakati ule Martin Van Buren, zikiwemo farasi wawili wa Kiarabu. Sasa sikiliza vituko. Sheria yao haimruhusu rais kupokea zawadi ya mfalme mpaka Bunge limkubalie, ikawa mjadala, mwisho zawadi zikachukuliwa na serikali, farasi wakanadiwa na pesa zikatiwa hazina. Hapa kwetu ungemnadi farasi wa Sultani uone. Lakini na heshima walirudisha, jahazi lilitengenezwa lote upya kwa gharama zao ndo likarudi. Picha ya Ahmad bin Naaman iliyochorwa safari ile iko mpaka leo makumbusho ya Salem, mzee kavaa kilemba chake na jambia.

Kwahiyo kwa nini hatukupeleka jiwe, mie nasema tulipeleka farasi, wakawauza.

SWALI: Ami samahani kama swali langu litakuudhi. Huyo Washington si alikuwa na watumwa? Sasa mnamsifia nini? Mtu kama huyo kajengewa mnara mkubwa na marehemu mzee Karume wetu aliyetutoa kwenye unyonge hana hata nusu yake. Mbona hamsemi?
*Kijana wa Michenzani*

JIBU: Halinuudhi hata kidogo, na sikumsifia, nimesifia mafundi. Ndio, alikuwa na watumwa, tangu mtoto wa miaka 11 alipomrithi baba yake. Alipokufa shambani kwake Mount Vernon walikuwepo watumwa zaidi ya 300, wake mwenyewe 123, waliobaki wengi wao ni wa mirathi ya mume wa kwanza wa mkewe. Kwenye wasia wake kaandika wale wake waachiwe huru mkewe akifa, na mkewe akawaachia kabla. Wale wa mirathi hawakuachiwa, wakagaiwa warithi. Hayo ndo yalivyo na mnara hauyasemi, mnara hauna maneno. Hesabu zake zifanye mwenyewe.

Ukitaka jiwe linalosema nenda Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa pahala pa soko la watumwa lililofungwa 1873. Nje kuna shimo na ndani ya shimo kuna masanamu ya watu watano wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa mwaka 1998. Wamesimama chini ya usawa wa ardhi, unawatazama kwa juu. Hakuna jina la mtu hata mmoja pale. Watalii wanapiga picha sie tunapita na mikoba ya Darajani.

Ama mzee Karume, weye unakaa Michenzani halafu unaniuliza mnara wake uko wapi? Tazama nje ya dirisha. Yale majumba marefu ni mradi wake, na wataalamu wa Ujerumani Mashariki walikuwemo kwenye mipango ya kuujenga ule Ng'ambo upya, watu wa kawaida wakapewa nyumba zenye bomba na choo ndani. Unaweza kuyalalamikia, mie mwenyewe nina mengi juu ya ngazi zile na mtungi wa gesi, lakini ni mawe yanayokaliwa na watu.

Na kaburi lake liko Kisiwandui, pale pale alipopigwa risasi tarehe 7 Aprili 1972. Kila mwaka siku hiyo inasomwa hitma, viongozi wanakuja na wananchi wanakuja. Mie kama Muislamu naona maiti anafaidika na dua, urefu wa mnara haumfai kitu, lakini najua wako wasomaji watakaoniandikia kinyume na nafasi zao nitawapa toleo lijalo, kwa sharti waandike kwa adabu.

SWALI: Ami ni mie tena wa Chake, kabla hujajibu la mwanzo nimekumbuka jengine. Mwanangu ananambia inshaallah mwakani nikaende kumtembelea na atanipeleka kwenye huo mnara. Mie magoti yangu unayajua ya watu wazima. Ntapanda vipi? Na kiingilio bei gani?

JIBU: Hongera mwanangu, Mungu akufikishe. Ngazi zipo, vidato karibu 900, lakini usiogope, siku hizi watu hawaruhusiwi kupanda kwa miguu, ni lifti, na inafika juu kwa sekunde 70 hivi. Mnara ulipofunguliwa kwa watu 1888 lifti ilikuwa ya mvuke inachukua dakika 10 na zaidi, kwahiyo umeula. Lifti yenyewe ilikuwa ikiharibika haribika wakaufunga mnara 2016 kuitengeneza, ukafunguliwa Septemba 2019.

Kiingilio hakuna, bure. Ila lazma uwe na tiketi yenye saa yako. Mwanao akikuekea mapema kwenye mtandao wa serikali wanakata ada ya dola moja kwa tiketi, ama aende mwenyewe asubuhi siku ile ile kibandani chini ya mnara apange foleni, hizo ni za bure lakini zinakwisha haraka. Mwambie aweke mapema asikusimamishe kwenye foleni kwa ubakhili wa dola. Juu kuna madirisha pande zote nne, upande mmoja utaona Ikulu yao, mwengine Bunge. Wakati wa kushuka omba mtu akuoneshe yale mawe ya kumbukumbu, lifti hupunguza mwendo na vioo vyake hufunguka yakaonekana baadhi yake. Kama ni miezi ya Disemba na Januari chukua koti zito juu ya baibui, kule pale uwanjani upepo haukuonei huruma, na mkoba mkubwa uache nyumbani maana wanakagua mlangoni.